Besi ya Matatu: Kuchagua Kikuza Sauti na Kukiunga

Na Mwanachama wa Kidato cha Tatu

Jarida letu halikosi makala kuhusu ngeli, methali na nidhamu bwenini, nami huzisoma zote. Mwaka huu nimeomba nafasi nieleze kitu ambacho wengi wetu hukisikia kila asubuhi kabla ya kengele ya kwanza, yaani besi ya matatu. Sisi wa Kiamaiko hatuhitaji saa ya kutuamsha. Mbuzi wanaoletwa sokoni na machinjioni huanza kulia alfajiri, na kabla hawajanyamaza utasikia mlio mzito ukija kutoka upande wa Huruma, du, du, du, hata vikombe vinacheza kabatini. Hiyo ni nganya inatafuta abiria.

Mambo nitakayoyaeleza nimeyapata kwa mjomba wangu, ambaye ni fundi wa umeme wa magari. Kibanda chake kiko kando ya barabara, na tangu nilipoingia kidato cha kwanza likizo zangu nyingi zimepita nikimshikia tochi na kumpa spana. Basi msidhani nimeyasoma kwenye tangazo la duka.

Matatu zilipata jina lao kwa nauli ya zamani ya mapeni matatu, yaani senti thelathini. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu zibebe abiria bila leseni maalumu, na tangu hapo ushindani haujapoa. Katika mitaa ya Eastlands kijana anaweza kuacha gari tupu liende zake akangoja lile lenye muziki. Kwa hivyo mwenye gari na makanga wake hutoa pesa nyingi kununua sabwufa, yaani spika kubwa za besi, pamoja na kikuza sauti cha kuzisukuma. Mafundi hukiita amplifaya. Mwalimu wetu wa Kiswahili anapendelea kikuza sauti, nami nitamtii katika makala haya.

Sasa tuingie kwenye kiini. Watu wengi huamini kwamba kikuza sauti ndicho chenye nguvu. La hasha! Kikuza sauti hakitengenezi umeme hata chembe. Hupokea umeme wa betri na alternata, kikaugeuza kufuata umbo la muziki, kisha kikausukuma kwenye spika. Kisichoingia hakiwezi kutoka. Ukilishika neno hilo moja, utaweza kuchagua kikuza sauti bila kudanganywa, na utajua kwa nini waya mbaya huweza kuteketeza gari.

Likizo ya Aprili makanga mmoja alikuja na katoni mpya aliyoinunua mjini, Luthuli Avenue, ambako maduka ya redio na spika yamepangana kama meno. Gari lake lilikuwa la abiria 14.

"Fundi, niwekee hii leo leo," alisema. "Hii ni wati elfu mbili. Si mchezo."

Mjomba akakigeuza kile chombo. "Elfu mbili umeziona wapi?"

"Si hapo juu! Maandishi yote hayo huoni, mzae?"

"Na hizi fyuzi zinasema ngapi?"

Makanga akakaa kimya. Ubavuni palikuwa na fyuzi mbili, kila moja ya ampea 30. Mjomba akaniambia, "Wewe msomi, hebu pigia huyu hesabu." Nikachukua kipande cha katoni nikaandika. Ampea 60 kwa jumla. Injini ikiwaka, umeme wa gari dogo huwa kama volti 13.8. Wati ni volti mara ampea, kwa hivyo 60 mara 13.8 ni wati 828. Hizo ndizo zinazoweza kuingia kwa muda mrefu kabla fyuzi hazijakatika. Kikuza sauti cha aina ya zamani, kile cha daraja AB, hupoteza karibu nusu kwa joto, kwa hivyo kingetoa wati mia nne na kitu. Hiki kilikuwa cha daraja D, ambacho hupoteza kidogo. Asilimia 80 ya 828 ni wati 662. Je, elfu mbili zitoke wapi? Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na maandishi yale makubwa juu ya katoni ndiyo matembezi yenyewe.

Kitabu kilichokuwa ndani ya katoni kilisema ukweli kwa herufi ndogo. Kilikuwa na namba zenye alama RMS, yaani nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa mfululizo bila kuchoka. Zilikuwa wati 300 kwa mzigo wa omu 4, na wati 500 kwa omu 2. Namba zilizoandikwa MAX au PMPO ni za kufumba na kufumbua, na wakati mwingine si za chochote. Basi mtu akitaka kununua, asome RMS, kisha azijumlishe fyuzi aone kama hadithi hizo mbili zinapatana.

Hapa nitaongeza jambo lililonishangaza mimi mwenyewe. Ukiongeza wati maradufu, sauti haiongezeki maradufu. Huongezeka desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua lakini halishtuki. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji karibu desibeli 10 zaidi, yaani wati mara kumi. Anayetoka wati 300 akanunua za 600 ametumia pesa nyingi kwa mabadiliko madogo. Afadhali atafute spika yenye wepesi zaidi. Spika ya desibeli 90 kwa wati moja hufanya kwa wati 150 kazi ambayo spika ya desibeli 87 huifanya kwa wati 300. Namba hiyo huandikwa kwenye karatasi ya spika, na sijawahi kumsikia makanga akiiulizia.

Sasa omu. Omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi spika inavyouzuia umeme usipite ovyo. Wenzangu wa Fizikia wanalijua hili, lakini kwa faida ya walioliacha somo hilo mapema nitatoa mfano wa bwalo letu la chakula. Ukifungua milango miwili iliyo sambamba, watu hutoka haraka, kwa sababu kizuizi kimepungua. Lakini ukiweka mlango mmoja, kisha mbele yake mlango mwingine, mwendo huwa wa pole. Koili za spika ni hivyo hivyo. Koili mbili za omu 4 zikiungwa sambamba huwa omu 2. Zikiungwa kwa mfuatano huwa omu 8.

Kadiri omu zinavyopungua ndivyo kikuza sauti kinavyotoa umeme mwingi, ndiyo maana vijana hupenda kuzishusha. Lakini kila kikuza sauti kina mwisho wake. Kile cha makanga kiliandikwa kisishuke chini ya omu 2. Naye alikuwa na sabwufa mbili, kila moja na koili mbili za omu 4. Alitaka koili zote nne ziungwe sambamba, "ndio ipige vizuri." Nne sambamba ni omu 1! Chombo kingewaka moto, au kama kina kinga kingejizima kila besi inapoingia, muziki ukawa wa kukatika kama mtu mwenye kwikwi. Njia iliyobaki ni kuziunga koili za kila spika kwa mfuatano, zikawa omu 8, kisha spika mbili sambamba, zikawa omu 4. Kwa spika zile omu 2 haipatikani kabisa, upende usipende. Angenunua zenye koili mbili za omu 2, kila spika ingekuwa omu 4 kwa mfuatano, na mbili sambamba zingekuwa omu 2 barabara, akapata wati zake 500. Kwa hivyo spika na kikuza sauti vinunuliwe pamoja, baada ya kupiga hesabu, wala si kimoja mwezi huu na kingine ukipata pesa.

Makanga alinung'unika, lakini akakubali wati 300. Mjomba alimwambia, "Utaniambia wewe mwenyewe kama abiria watazihesabu."

Hebu tutazame umeme unakotoka. Gari likiwa linakwenda, alternata ndiyo inayolisha kila kitu na kuijaza betri. Tuseme ni ya ampea 70. Taa mbili za mbele zenye wati 55 kila moja hula kama ampea 8. Ongeza injini yenyewe, kifuta kioo, skrini ya video na zile taa za rangi za ndani. Ikiwa kikuza sauti nacho kitavuta ampea 40 nyimbo zikikolea, alternata inahema. Isitoshe, gari likisimama na injini ikizunguka polepole, alternata hutoa pungufu sana ya namba iliyoandikwa juu yake. Taa zikififia kila ngoma inapopigwa, basi umeona kwa macho yako betri ikiombwa mkopo.

Kuna wale ambao huzima injini stejini ili kuokoa mafuta, na muziki ukaendelea ili gari lijae. Betri ya ampea-saa 70, ikivutwa ampea 25 kwa wastani, hufika nusu kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Betri ya kuwashia gari haikuundwa kushushwa hadi hapo kila siku, hufa mapema. Mmeshawahi kuombwa mshuke msukume matatu mkiwa mmevaa sare safi? Mara nyingine chanzo ni hicho.

Nafika sasa kwenye waya na fyuzi, na hapa sitaharakisha.

Mwaka jana gari lililetwa kibandani kwa shida ya muziki kuzimika-zimika. Kazi ilikuwa imefanywa na fundi mwingine, ambaye sina haja ya kumtaja. Tulipoinua zulia chini ya viti tulikuta umeme wa kikuza sauti umepitishwa kwa waya wa nyumba, ule wa milimita mraba 2.5 unaotumiwa kwa soketi za ukutani. Ganda lake lilikuwa limeyeyuka na kushikana na sponji ya kiti. Tulipoufuata hadi kwenye betri tukakuta kishikio cha fyuzi, na ndani yake, badala ya fyuzi, kipande cha waya kilichokunjwa. Abiria walikuwa wamekalia kitu hicho asubuhi na jioni kwa wiki nyingi. Gari la namna ile lina mlango mmoja wa pembeni kwa abiria wote wa nyuma. Mjomba hakusema neno kwa muda mrefu.

Hesabu yake nimeifanya baadaye daftarini. Kutoka betri hadi nyuma ya gari ni kama mita 5. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5 wenye urefu huo una ukinzani wa omu 0.034. Inaonekana kama si kitu. Lakini ampea 60 zikipita, volti 2 hupotea njiani, na wati 124 hugeuka joto ndani ya waya. Ni kama kulaza balbu ya zamani ya wati 100 chini ya zulia, ukaiwasha, ukakaa juu yake. Kweli muziki hauvuti ampea 60 kila dakika, lakini zipo nyimbo za siku hizi ambazo besi yake haipumziki. Waya wa milimita mraba 21, ambao madukani huitwa namba 4, hupoteza robo ya volti tu kwa mzigo huo huo, na joto lake, kama wati 15, hutawanyika katika mita zote tano bila kudhuru.

Tahadhari nyingine iko katika kununua. Kuna waya mnene wa kupendeza ambao ndani yake ni alumini iliyopakwa shaba. Huo hupitisha umeme kwa kama thuluthi mbili tu ya shaba halisi, kwa hivyo ukiuchagua sharti uwe mnene zaidi. Kuutambua ni rahisi. Chukua unyuzi mmoja uukwangue kwa wembe. Ukibaki mwekundu hadi ndani, ni shaba. Ukigeuka mweupe, umeuziwa alumini. Muuzaji anayekukataza kukwangua amekwisha kukujibu.

Na fyuzi je? Wengi hudhani fyuzi ya betrini inalinda kikuza sauti. Kikuza sauti kina fyuzi zake ubavuni. Ile ya karibu na betri hulinda waya, na kwa kulinda waya hulinda watu. Waya ukichunika kwenye ukingo wa bati ukagusa bodi ya gari, betri itamwaga mamia ya ampea kwa sekunde chache, na waya utakuwa mwekundu kama makaa. Fyuzi ndiyo pekee itakayokata. Kwa sababu hiyo huwekwa karibu na betri iwezekanavyo, isizidi sentimita 45, maana kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Ukubwa wake ufuate uwezo wa waya na usizidi. Kwa kikuza sauti cha ampea 60 na waya namba 4 wa shaba, fyuzi ya 60 au 80 yatosha. Ikikatika, tafuta kilichoikata. Anayeweka msumari, waya au karatasi ya sigara amemfukuza askari ili mwizi apite.

Gari la abiria 14 ni la volti 12, na yote niliyoyasema yanalihusu moja kwa moja. Lakini zile nganya kubwa za abiria 33, ambazo nyingi ni Isuzu, hutumia volti 24, zikiwa na betri mbili za volti 12 zilizoungwa kwa mfuatano. Vikuza sauti vya magari karibu vyote ni vya volti 12. Ukikiunga kwenye 24, utasikia harufu kabla ya muziki. Basi mafundi wenye haraka huchota umeme kwenye betri moja kati ya zile mbili. Muziki hulia, mteja hulipa, wote hufurahi. Baada ya miezi michache betri zote mbili zimekufa, na hakuna anayejua kwa nini.

Sababu yake ni hii. Alternata huzijaza betri hizo kama kitu kimoja cha volti 24. Haijui kwamba moja inanyonywa na nyingine imepumzika. Ile inayonyonywa haijai kamwe. Ile nyingine hulazimishwa kupokea zaidi ya haki yake, ikachemka na kukaushwa maji. Dawa ni chombo cha kupunguza volti kutoka 24 hadi 12, ambacho mafundi hukiita konvata. Kiwe na uwezo wa ampea zile ambazo kikuza sauti kitahitaji, si kile kidogo cha redio. Konvata ya ampea 60 si rahisi kwa bei, na hapo ndipo wenye magari wengi hurudi nyuma. Mjomba huwauliza betri mbili mpya ni pesa ngapi, na zimebadilishwa mara ngapi. Fyuzi ya upande wa volti 24 nayo isisahauliwe.

Utaratibu wa kuunga si mgumu ukishavielewa hivyo. Kwanza ondoa waya wa hasi kwenye betri, usije spana ikagusa mahali pawili ukaona nyota mchana. Waya mkubwa wa chanya upitishwe upande mmoja wa gari, na kila tundu la bati linapopitwa livishwe raba. Waya wa hasi uwe mnene sawa na ule wa chanya, uwe mfupi, na ufungwe kwa bolti kwenye chuma cha bodi kilichopigwa msasa hadi king'ae. Rangi ya gari haipitishi umeme, na nusu ya "amplifaya zilizokufa" zinazoletwa kwa mjomba hupona kwa msasa wa shilingi chache. Waya mwembamba wa buluu wenye mstari mweupe, utokao kwenye redio, huenda kwenye tundu lililoandikwa REM. Huo huwasha na kuzima kikuza sauti pamoja na redio. Nyaya za muziki zipitishwe upande wa pili wa gari, mbali na waya mkubwa. Zikilala pamoja unaweza kupata mluzi unaopanda na kushuka kila dereva anapokanyaga mafuta. Fyuzi ya betrini iingizwe mwisho kabisa.

Kichujio cha sauti, kilichoandikwa LPF, kiwekwe karibu na hezi 80 ili sabwufa isijaribu kuimba. Kazi yake ni kunguruma. Boksi la spika lisivuje hewa. Hayo mawili yanatosha.

Kilichobaki ni kirungu kilichoandikwa GAIN, adui mkubwa wa spika. Makanga wote hukiona kama cha kuongeza sauti, wakakizungusha hadi mwisho. Kumbe kazi yake ni kukilinganisha kikuza sauti na nguvu ya redio iliyopo. Kikizidi, mawimbi ya muziki hukatwa vichwa, spika hutetema kwa umbo lisilo lake, koili huchemka, na baada ya muda huungua. Mjomba hutumia mita na hesabu ya kipeuo cha pili. Volti zinazotakiwa ni kipeuo cha pili cha wati mara omu. Kwa wati 300 na omu 4, tunapata 1200, na kipeuo chake cha pili ni 34.6. Tunaondoa spika, tunazima vionjo vyote vya kuongeza besi, tunapiga mlio wa hezi 50, redio ikiwa robo tatu ya sauti yake, kisha tunazungusha GAIN polepole hadi mita ya volti za mkondo geu isome 34 na kitu. Hapo tunaacha. Yule makanga alipoona kirungu kimesimama kabla ya nusu alidhani ameibiwa. Muziki ulipowashwa, mbuzi wa jirani walihama upande wa pili wa kamba, naye akaacha kulalamika.

Sikio nalo lina fyuzi yake, ila haiuzwi Luthuli. Wataalamu wa afya kazini hukadiria kwamba desibeli 85 zinaweza kuvumiliwa kwa saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka 3 muda huo hupungua nusu. Kwa desibeli 100 umebaki na dakika 15. Mwanafunzi anayekaa kiti cha nyuma juu ya boksi hushuka stejini masikio yakilia, lakini makanga na dereva wamo humo tangu alfajiri hadi usiku. Aidha, kanuni za kudhibiti kelele zilizotolewa mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira zinaipa NEMA nguvu ya kuwashika wanaozidisha. Kile kirungu cha sauti kwenye redio kinageuka pande zote mbili.

Baada ya wiki moja gari lirudi kwa fundi. Barabara zetu zina mashimo, na besi yenyewe hutikisa kila nati. Mjomba hupiga muziki kwa dakika 20, kisha hugusa kishikio cha fyuzi, kichwa cha betri na bolti ya hasi kwa mgongo wa kidole. Uvuguvugu si neno. Palipo na moto wa kukufanya uondoe kidole pamelegea au pameoza. Hufunguliwa, husuguliwa, hukazwa, na mita hupimwa upya.